Mapumziko ya Viungo

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara ya Usalama wa Dawa iliutangazia umma kwamba dawa ya mzio, ile ya maji inayoleta usingizi, haijampooza mtu yeyote. Walioamka miguu imegoma walikuwa katika hali ya kawaida kabisa iitwayo "mapumziko ya viungo".

Daktari mtafiti alilisikia tangazo hilo redioni akiwa wodini, anagonga goti la mama fundi cherehani. Goti halikujibu. Utafiti wake, uliohusisha dawa ile na kupooza, Mkurugenzi wa Idara alikuwa ameukalia tangu mwaka juzi. Hasira zikampanda. Akampakia mama kwenye kiti cha magurudumu, wakaenda Idarani.

Mkurugenzi aliwapokea kwa bashasha. "Mama, umepooza au umepumzika?"

"Baba, ningekuwa napumzika si ningejua saa ya kuamka? Cherehani yangu inataka miguu."

"Tutaunda kamati ndogo ya kutofautisha."

Kisha, kwa kuwa waandishi wa habari walishafika, akaamua kukata mzizi wa fitina mbele yao. Akafungua chupa ya dawa ile.

"Mzee, usinywe," daktari akamsihi.

Akanywa vijiko viwili, akaongeza cha tatu kwa niaba ya serikali. Akaanza hotuba; alipofika kwenye "muktadha huu mtambuka", kichwa kikalalia kipaza sauti. Mkoromo ukasikika hadi barabarani. Hakuna aliyemwamsha, kwani kibali cha kumwamsha Mkurugenzi hutolewa na Mkurugenzi.

Mwanasheria akapekua kanuni: mwili upo, mamlaka hayapo, Naibu akaimu. Naibu akaomba utafiti, akausoma, jambo lililowashtua makarani, akatia sahihi. Jioni dawa ilikuwa imeondolewa madukani, na mama fundi ameandikiwa mazoezi ya viungo kwa gharama ya Idara.

Mkurugenzi aliamkia wodini, miguu imekufa ganzi. Mama fundi, kitanda cha jirani, akampa pole.

"Daktari, itapita hii?" Mkurugenzi akauliza.

"Huenda. Wewe umewahiwa, na dawa imeshapigwa marufuku."

"Na nani?"

"Na Idara yako."

Akajaribu kuinuka, akashindwa. "Bila mimi?"

"Ndiyo, mzee," daktari akasema, akimfunika shuka vizuri. "Ndiyo maana iliwezekana."