Mwenyeji wa Mji Nisioujua

Ijumaa, 9 Agosti

Tumefika. Mgongo unauma, miguu imevimba, na matembezi hayajaanza. Siku nne katika mji wa kale wa bandari, pamoja na mke wangu, binti yetu, mama mkwe, na shemeji yangu ambaye tangu stendi hajaiachia ramani yake. Nimembandika jina la Bwana Ramani.

Mama mkwe ana haja moja tu: aione forodha ya zamani, alikofanya kazi marehemu baba yake. Ana miaka sabini na mbili, hajawahi kuiona. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimwahidi tangu mwezi jana kwamba nitamfikisha mlangoni, kwa kuwa mji huu naujua nje ndani. Ukweli? Nilikuja mara moja, semina ya siku moja. Sikutoka ukumbini hata kununua maji.

Bwana Ramani akashauri tuulize mapokezi. Nikamwambia mwenyeji haulizi njia. Mama mkwe akatabasamu. Kwa tabasamu lile, kesho forodha lazima ipatikane!

Jumamosi, 10 Agosti

Haikupatikana.

Mpango ulikuwa mzuri: niamke kabla yao, niitafute kimyakimya. Usingizi ukanipitia. Tukatoka wote saa tatu. Vichochoro vya mji huu vilipangwa na mtu asiyependa watu. Duka la fundi saa tulilipita mara tatu. Mara ya tatu akatusalimia kama majirani. Binti yangu akauliza, mbele ya watu, kama baba amepotea. Nikasema nawaonyesha mji kwa utaratibu.

Jua likapanda. Mama mkwe akaanza kuburuta miguu. Maji yakanifika shingoni. Mara mbele yetu jengo kuukuu, kuta nene, nondo madirishani. Nikanyoosha mkono: Mama, ndiyo hii!

Akauegemea ukuta, akalia. Machozi kabisa! Nami nikajiona mtu mwema. Ndipo nikakiona kibao kidogo ukutani: lilikuwa ghala la barafu.

Nikakiziba kwa mgongo. Picha zote nane nimesimama palepale. Bwana Ramani akataka nisogee, eti namtia mama kivuli. Nikasema kiuno kimekaza. Huo haukuwa uongo.

Jumapili, 11 Agosti

Nimeamka mchovu kuliko nilivyolala. Mama wa watu kalilia barafu! Nikaamua nimwambie baada ya chai. Baada ya chai nikaona afadhali baada ya chakula. Baada ya chakula nikajinyoosha kidogo.

Nilipoamka, yeye na mke wangu walikuwa wanarudi, wanacheka. Wamemuuliza fundi saa. Forodha iko nyuma ya duka lake! Mlinzi kawafungulia, mama kapanda ngazi alizopanda baba yake, kakaa kwenye benchi la makarani mpaka roho yake ikatulia. Na mimi sikuwepo. Hilo limeniuma kweli.

Nikamwomba radhi kwa machozi ya jana. Akasema hayakumhusu baba yake. Viatu vipya vilimbana, alilia miguu. Kibao alikisoma kabla sijakiziba. Alinyamaza kwa kunihurumia, maana nilionekana hoi. Kisha akaniambia taratibu, kuuliza si ujinga, baba. Aibu! Nilitamani kuingia uvunguni.

Jumatatu, 12 Agosti

Safari ya kurudi. Nimeapa: sitajifanya tena najua nisichokijua. Nimemwambia mke wangu. Akasema amesikia. Mama mkwe kanishika bega, kasema yameisha. Nikajihisi mwepesi, mtu mpya.

Katikati ya safari Bwana Ramani akageuka, akauliza kwa upole kama likizo ijayo twende milimani. Shida ni kwamba yeye njia za kule hazijui, na sijui nani atatuongoza.

Mke wangu akanikanyaga mguu, kwa nguvu.

Nikamwambia shemeji asihangaike. Milima ile? Nimekulia kule.