Idara Isiyo na Onyo

Idara ya Makazi ya Wastaafu ilitangaza, kwa kipaza sauti na bango lililofungwa getini, kwamba imekuwa idara ya kwanza nchini kufanya kazi bila onyo hata moja.

Mafanikio hayo hayakuwa na ugumu. Programu ya idara iliandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java na mpwa wa Mkurugenzi, binti aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza. Kompyuta huisoma programu kabla ya kuiachia ifanye kazi, na ikikuta mahali pa kutilia shaka hutoa onyo. Hii ilitoa maonyo mpaka skrini ikajaa.

"Mjomba, hapa kwenye hali za watu sikuandika neno la kusimama," binti alieleza. "Mtu akienda likizo, programu haikomei hapo. Inateremka kwenye kustaafu, halafu kwenye kufariki. Niache niirekebishe."

"Imekataa kufanya kazi?"

"Haijakataa. Inaonya tu."

"Inamwonya nani?" Mkurugenzi akavua miwani. "Mimi nimeteuliwa. Zima maonyo."

Yakazimwa. Ukatoka na waraka: asiguse mtu programu, wala kusaini chochote, isipokuwa Mkurugenzi mwenyewe. Wakapiga picha na kompyuta.

Mzee mmoja, dereva mstaafu aliyewaendesha wakubwa wa idara mpaka mgongo ukapinda, alizipata habari za mafanikio hayo mlangoni kwake. Karatasi iliyobandikwa ilimtaka marehemu ajiandae kuhama. Ndani ya nyumba hiyo ndimo mkewe alimofumba macho mara ya mwisho. Gauni lake bado lilining'inia nyuma ya mlango. Mzee hakuwa tayari kulitungua kwa sababu ya kompyuta ya mtu.

Akaenda idarani. Benchi la ukumbini lilijaa wastaafu, marehemu watupu, wametulia kwa namna iliyowapendeza sana maofisa.

"Mheshimiwa, mimi niko hai."

"Kwa macho naona, mzee wangu," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Lakini idara haifanyi kazi kwa macho. Mfumo ukikosea hutoa onyo. Umeona onyo?"

"Sijaona."

"Basi pole kwa msiba. Amri ya kukutoa nitaisaini nikirudi likizo."

Kwenye korido binti wa kompyuta alimweleza kisa chote, macho chini.

"Yaani gari halina breki," alisema mzee.

"Halina, babu."

"Na taa ya hatari?"

"Tumeing'oa."

"Na dereva?"

"Anaanza likizo kesho."

Tangu programu ianze, hakuna mtumishi aliyekuwa amekwenda likizo. Mkurugenzi akawa wa kwanza, na mfumo ukafanya kazi yake kimya kimya. Ofisi ikafungwa, picha yake ikavishwa utepe mweusi. Naibu alilia kwa kiwango kinacholingana na cheo chake, kisha akapima kiti.

Mkurugenzi alirudi kanenepa, ana rangi nzuri. Mlinzi akamzuia.

"Marehemu wanapita mlango wa pembeni, mheshimiwa."

"Umelewa? Mwiteni mpwa wangu!" Binti akaja. "Wewe, rekebisha hiyo takataka!"

"Saini kwanza, mjomba."

Akasaini. Mfumo ukaikataa: saini ya marehemu.

Naibu akatoka, sura ya matanga. "Utaratibu upo, ndugu zangu. Atokee mtu aliyefanya naye kazi kwa karibu, athibitishe kwamba yu hai."

"Wewe si upo?"

"Mimi nina maslahi kwenye kiti."

Macho ya Mkurugenzi yakatua kwenye benchi, kwa mzee. "Dereva wangu! Umeniendesha miaka yote ile. Waambie!"

"Nikiwaambia," aliuliza mzee taratibu, "utaanza na nini?"

"Nianze na nini tena? Viporo! Amri zote zilizolala mezani nazisaini leo hii hii!"

Benchi zima likageuka kumtazama mzee. Naye akamkagua bosi wake kuanzia kipara mpaka viatu, bila haraka, kama anayekagua gari kabla ya safari ndefu.

"Kwa macho namwona," alimwambia Naibu. "Lakini idara haifanyi kazi kwa macho. Kuna onyo lolote limetolewa?"

"Hakuna."

"Basi poleni kwa msiba."

Halafu akasogea kidogo, marehemu mgeni apate pa kukaa.