Mishubiri Miwili na Chumba cha Mbele

Jumatatu, 4 Agosti

Mama mkwe amesafiri kwenda kumwona dada yake. Ameacha mishubiri miwili: wangu kwenye kopo jekundu, wa shemeji kwenye kopo la bluu. Atakayeutunza vizuri zaidi atapewa chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani. Mimi nataka kufungua saluni ya kunyolea humo. Shemeji, kaka wa mke wangu, anataka kutengenezea simu. Simu! Nywele zinaota kila siku.

Mama mkwe alituambia mshubiri hautaki maji mengi, unataka mchanga na jua kali. Nikaitikia, ndiyo mama. Moyoni nimemshtukia. Mmea gani hautaki maji? Ni mtego huo, anatupima nani ana akili!

Nimeuficha wangu kivulini, chini ya kitanda. Maji asubuhi na jioni. Usiku mchuzi wa nyama kidogo, upate nguvu.

Jumatano, 6 Agosti

Shemeji amepata kazi mbali, hatarudi hadi mama arudi. Ameniomba nimwangalizie mshubiri wake. Mimi! Nikamwambia aondoe shaka, sisi ni ndugu. Alinishukuru mpaka nikaona aibu. Ilipita haraka.

Alipotoka tu nikamwaga udongo wake mzuri, nikajaza mchanga na kokoto za wajenzi wa jirani. Nikalipandisha kopo juu ya paa la bati. Maji? Hata tone!

Jumapili, 10 Agosti

Wangu umenenepa, majani yanang'aa. Mke wangu ameuliza kama nautunza au naupika. Anamtetea kaka yake.

Jumamosi, 16 Agosti

Majani yamelegea. Niligusa moja likabaki mkononi, laini kama ndizi iliyooza. Chumba kinanuka. Una kiu, bila shaka. Nimeongeza maji.

Jumamosi, 23 Agosti

Msiba! Wangu umelala na hauamki. Mama mkwe anarudi kesho. Nikapanda paani kuchukua maiti ya mshubiri wa shemeji, angalau tutoke sare. Maiti gani! Umesimama wima, majani magumu, na katikati umechomoza shina lenye maua ya rangi ya machungwa. Nusura niteleze. Nililia kidogo, nakiri.

Kisha akili ikanijia. Nimeuhamishia kwenye kopo jekundu pamoja na mchanga wake. Uozo wangu nimeusukumia kwenye la bluu, pamoja na tope lake. Pole, shemeji.

Jumapili, 24 Agosti

Mama mkwe alifurahi hadi akaita majirani! Shemeji aliinamisha kichwa. Mama akaniuliza siri yangu. Ningenyamaza tu! Lakini majirani walikuwa wanasikiliza. Nikasema ni maji asubuhi na jioni, na mchuzi wa nyama kila usiku.

Akachomeka kidole kwenye kopo jekundu. Mchanga mkavu. Akainua la bluu. Maji yakamchuruzikia miguuni, na harufu ya mchuzi ikamleta paka wa jirani.

Chumba amepewa shemeji. Amesema naweza kunyolea watu barazani kwake. Inauma kuliko tusi. Mke wangu kila akinitazama anaangua kicheko.

Mama mkwe amenipa chipukizi la mshubiri, eti safari hii nifuate maelekezo. Nimeshaliona kosa langu: mchuzi ulikuwa na chumvi. Chipukizi nimelilaza kwenye beseni la maji safi. Linywe mpaka asubuhi.