Mfuko wa Kalamu

Spika hauzi gazeti kabla hajalisoma lote mwenyewe, na akishalisoma hakuna wa kulinunua, maana kijiwe kizima kimeshalisikia. Mchana ule alisimama barazani pa Sentimita, fundi cherehani, akakohoa kidogo, akatangaza kwamba wanafunzi wa sekondari wanaacha sigara.

Jiko, mlinzi wa geti la shule, akaipandisha juu sigara yake kuwapongeza.

"Bado sijafika mstari wa pili," Spika akasema. "Wanaacha sigara, wanahamia vepu, zile sigara za umeme."

Sigara ikashuka.

Pale barazani pana benchi la watu watatu, ila hukaliwa na wawili, Spika na Jiko. Mwisho kule, penye nguzo, alikuwa akikaa kaka yake Sentimita. Tangu walipomzika, miaka miwili sasa, Mama Birika huweka birika lake la kahawa hapo, na hakuna siku watu walikaa wakakubaliana iwe hivyo. Yeye mwenyewe Mama Birika hukaa kwenye kigoda, na Sentimita hushona huku akisikiliza, mguu ukipiga cherehani na sikio likiwa barazani.

Jiko alieleza kwamba kazi yake imeharibika. Enzi zile mtoto akivuta ulimjua kwa harufu, hata kabla hajafika getini. Siku hizi anapita ananukia embe, mwenzake ananukia peremende, na mlinzi unabaki kumsifia kwa usafi.

"Wewe umnuse nani?" Mama Birika akamuuliza. "Pua yako ilishakauka ukiwa kijana."

Jiko hakubisha. Tena akakiri kwamba mwezi uliopita kuna mmoja aliangusha kidude kinachong'aa, naye akakiokota, akakifuta vumbi, akamrudishia mwenyewe. Alidhani ni flashi ya kompyuta. Akamwambia, mwanangu, soma kwa bidii.

Walicheka mpaka Spika akapoteza mstari. Alipoupata, akaendelea kwamba walimu wamehangaika kupekua mabegi bure, kumbe wanafunzi wanaficha vepu zao kwenye vijifuko vya siri vilivyoshonwa ndani ya masweta.

Cherehani ikanyamaza.

Vichwa vitatu vikageuka kwa pamoja.

"Sentimita," Mama Birika akasema taratibu, "ile mifuko ya kalamu."

Tangu muhula uanze, Sentimita alikuwa amewajaza masikio kwa hadithi ya mifuko ile. Wanafunzi walikuwa wakija mmoja mmoja, kwa adabu, wakiomba kijifuko cha ndani upande wa kushoto, chini ya kwapa, eti kalamu zao zisiibiwe darasani. Naye alifurahi. Alisema kizazi hiki wanakisingizia tu, kumbe kinapenda kuandika kuliko wao. Aliwashonea bure, mchango wake kwa elimu.

"Elimu inakushukuru, fundi," Spika akasema.

"Kumbe adui yangu nakunywa naye kahawa," Jiko akalalamika. "Mimi napekua begi, yeye mali ameshaizika kwapani."

Sentimita akajitetea. Kalamu ni kalamu, akasema, na yeye hashoni kwa kubahatisha, kila kitu kiko kwenye daftari. Akalivuta daftari la vipimo lenye jalada lililolegea, akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi: kina sentimita tisa, upana sentimita nne. Kisha akachomoa kalamu iliyokuwa sikioni, akailaza juu ya tepu yake ya kupimia. Kumi na nne. Akaigeuza, akaipima tena, kana kwamba ingefupika kwa aibu.

"Kalamu gani hiyo," Jiko akauliza, "fupi kama kidole, pana kama kiberiti?"

Fundi mwenye jina la Sentimita, na alikuwa amepima mifuko kumi na minane bila kujiuliza.

Spika alikuwa ameshainamia daftari kutafuta la kuchekea zaidi. Hakucheka. Mstari wa kwanza wa ukurasa, kwa mwandiko wa Sentimita, ulisema: wa mwanangu. Mistari iliyofuata yote ilisema: kama wa mwanangu, kama wa mwanangu.

Sentimita akalifunga daftari. Hakuzaa mtoto yeye. Mwanawe ni binti wa marehemu kaka yake, yuko kidato cha nne, na kila jioni hupitia pale kuchukua ufunguo wa nyumbani. Akajaribu kutunga uzi mpya kwenye sindano. Ukakosa tundu mara mbili.

Hawakungoja sana.

"Shikamooni," binti akasema.

Wakaitika. Sentimita hakutoa ufunguo.

"Lete sweta, mwanangu. Kuna mfuko niliukosea kipimo."

Binti akatazama gazeti, akatazama daftari, akatazama wazee watatu ambao ghafla walikuwa wanaona vikombe vyao ni vitu vya ajabu.

"Nitakuletea kesho, baba mdogo."

"Kosa la fundi halilazwi."

Akalivua. Kabla ya kumpa aliingiza mkono upande wa kushoto, akatoa kidude cha rangi ya waridi, akakiweka juu ya meza ya cherehani. Baraza zima likanukia peremende. Jiko akaanza kujiinua, kazi imemwita, Mama Birika akamkanyaga mguu, akakaa.

Sentimita akaligeuza sweta ndani nje, akachukua wembe, akaanza kufumua, uzi kwa uzi.

"Hii si sigara, baba mdogo," binti akasema chini chini. "Haina moshi. Ni mvuke tu."

Wembe haukusimama.

"Baba yako naye aliniambia zake hazina shida," Sentimita akasema. "Zina kichungi."

Binti akatazama ule mwisho wa benchi. Mama Birika akanyanyua birika lake, akaliweka chini sakafuni, na binti akaenda kukaa pale penye nguzo kungoja sweta lake.

Kijifuko kilipotoka, binti aliinuka, akakichukua kile kidude mezani, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji iliyokuwa karibu na kigoda. Kikatoa mapovu mawili, kama kina la kusema, kikanyamaza.

"Hiyo ndoo yangu ya kuoshea vikombe," Mama Birika akasema.

"Samahani, mama."

"Kamwage, uniletee maji mengine."

Akaenda. Hakuahidi kitu, wala hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi yake mlango wa Sentimita ulikuwa na maandishi ya chaki: Mfuko wa kalamu, njoo na kalamu yako tuipime. Wiki nzima hakutokea mwanafunzi hata mmoja, Spika akasema gazeti lake sasa liandike kwamba wanafunzi wameacha kalamu.

Mteja alikuja siku ya saba. Alikuwa Jiko, na shati lake la ulinzi mkononi.

"Mfuko huu wa kifuani, wa sigara, uushone, fundi. Ufunge kabisa. Mkono ukija kwa mazoea ukute ukuta."

Sentimita akaupima, akaandika daftarini, akamtazama juu ya miwani.

"Na wa suruali?"

Jiko akatazama mwisho wa benchi, ambako birika halikuwekwa tena.

"Wa suruali," akasema, "muhula ujao."