Magurudumu Niliyosuka kwa Mdomo

Jumapili, 2 Novemba 2025. Kandara, Jeddah

Leo nimesema uongo mbele ya ami Saif. Nauandika kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi ami aliingia karakana yake ya baiskeli bila kupiga simu. Kwa kawaida hupiga, nami humtuma Julius, mwenzangu wa kazi, dukani mapema, wasikutane. Leo sikuwahi. Dakika mbili baadaye akaingia Myemeni anayepeleka vyakula kwa baiskeli ya umeme. Akasema gurudumu lake la nyuma limemaliza miezi mitano bila spoku hata moja kukatika. Lile la zamani halikumaliza wiki tatu: mota imo ndani ya gurudumu, kilo sita, na ringi ya baiskeli ni nyembamba. Hili lina ringi ya pikipiki, inchi kumi na saba, matundu thelathini na sita, spoku nene. Akauliza kwa Kiarabu fundi ni nani, ampe mkono.

Nikanyoosha mkono.

Fundi ni Julius, Mkenya wa Vihiga. Alikuwa hatua tatu nyuma yangu na ufagio, kwa sababu hufagia chini kila anapomaliza gurudumu. Kiarabu chake ni maneno matatu tu: yalla, halas na mafi. Sifa za wateja hupokea mimi. Malalamiko humfasiria yeye.

Ami alimtazama Julius na ule ufagio. Akaniuliza, kwa Kiarabu vilevile, huyu kazi yake nini. Nikasema anafagia.

Ami akasema ikama ya Julius, kibali chake cha kuishi huku, inaisha tarehe thelathini. Kama kazi yake ni ufagio, haihuishi. Arudi kwao. Karakana hii inabeba fundi mmoja.

Ningeweza kusahihisha. Lakini nikisema kweli, wa ziada ni mimi, na wa ziada huenda Balad kuuza udi katika duka la binamu yangu Wafaa. Nilikaa kule wiki mbili mwaka juzi. Sirudi.

Baada ya ami kuondoka, Julius aliuliza Myemeni alikuwa anasema nini. Nikamwambia anasema kiti kinambana.

Aibu: kuanzia saa nne na dakika kumi hadi adhuhuri. Baada ya kula ilipungua.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango. Kuufanya uongo uwe kweli! Nikijua kusuka gurudumu, sitakuwa nimedanganya. Nitakuwa nimetangulia kusema tu.

Nimemtuma Julius eneo la viwanda akatafute ringi. Nimefunga mlango. Nimekaa kwenye kigoda chake na mota, ringi na spoku thelathini na sita. Nimemwona akifanya kazi hii mara mia. Huweka simu mfukoni, husuka, hapimi chochote, mara mojamoja huigonga spoku kwa kucha na kusikiliza. Haionekani ngumu.

Saa tatu na nusu baadaye nilikuwa na kitu cha duara. Nikakigonga kwa kucha. Kila spoku ilikuwa na sauti yake. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa.

Nikalifunga kwenye baiskeli, nikapanda, nikaelekea Balad kulijaribu kwenye mawe ya mji mkongwe. Nusu ya kwanza ya safari ilikuwa nzuri. Nusu ya pili gurudumu lilianza kucheza kama anayekataa kitu. Likanibwaga mbele ya duka la udi. Kati ya maduka yote ya Balad!

Spoku tisa zilikuwa zimekatika. Ringi ilikuwa na umbo la yai.

Wafaa alitoka na kikombe cha chai mkononi. Akauliza kama nilikuwa nimelipanda au nimeligonga. Wateja wake wawili walicheka. Mmoja alinisaidia kuinuka na akanipulizia manukato ya kujaribia, bila kuombwa.

Jioni Julius aliliona lile gurudumu nyuma ya pipa. Hakuuliza ni la nani. Alinionyesha kwa kidole: matundu ya ringi ya pikipiki yametobolewa kwa kuinama, moja kulia, moja kushoto, na kila spoku lazima ifuate upande wake. Aliyesuka hili alikosea tundu la kwanza, kwa hiyo akakosea yote thelathini na sita.

"Huyu mtu alikuwa na haraka, mkubwa," akasema.

Huniita mkubwa. Leo sikulipenda neno.

Alhamisi, 6 Novemba

Simu kutoka Riyadh! Bwana Amir, mwenye ghala Al-Sulay. Kiarabu cha Riyadh kabisa, kizito, kila neno limekaa mahali pake. Anazo baiskeli za umeme arobaini za kubebea mizigo kati ya maghala, na magurudumu yanamfia. Alipopita Jeddah aliona moja la kwetu chini ya mpeleka vyakula mmoja. Anataka arobaini. Sharti lake: fundi aende, asuke moja mbele ya macho yake.

Nilisema fundi ni mimi. Mdomo ulitangulia.

Kisha nikakaa na kufikiri, na nikaona mpango ni mzuri kuliko nilivyodhani. Magurudumu arobaini ni kazi ya watu wawili. Ami akiona kazi ya watu wawili, atahuisha ikama ya Julius. Uongo wangu utakuwa umemwokoa. Nilijisikia karibu mtu mwema, kama robo saa hivi.

Nimempigia ami. Amefurahi. Ameniita fundi wa ukoo. Nimesema ahsante.

Nilipomweleza Julius kwamba twende wote, mimi kama fundi, yeye kama msaidizi, alicheka. Akasema sawa, kama kawaida. Halafu akaacha kucheka na kuuliza mzee amesema nini kuhusu ikama. Binti yake Peris yuko kidato cha tatu. Julius anataka kubaki huku hadi binti amalize cha nne.

Nikasema mzee bado anafikiri.

Aibu: haikupimika. Nililala mapema.

Jumapili, 9 Novemba. Basini

Basi la asubuhi, Jeddah kwenda Riyadh, kilomita mia tisa na hamsini. Ringi ipo miguuni pangu, mota ipo miguuni pa Julius.

Tumefanya mazoezi. Mbinu ni yangu. Bwana Amir hajui Kiswahili. Kwa hiyo nitakuwa naweka spoku mwenyewe, na kila nisipojua, nitamuuliza Julius kwa Kiswahili, lakini kwa sauti ya kufoka. Yeye ataninyooshea njia kwa sauti ya kuomba radhi. Mwarabu ataona fundi mkali na msaidizi mzembe. Sijawahi kubuni kitu kizuri hivi.

Karibu na Taif tulijaribu. Nilimfokea Julius nikimwuliza nianzie wapi. Akainamisha kichwa akasema anzia pembeni ya valvu. Mama mmoja wa Kimisri kiti cha mbele aligeuka akaniambia nimwogope Mungu, huyu naye ni mtoto wa mtu.

Kwa hiyo inafanya kazi.

Julius alitazama jangwa kwa saa nzima. Kisha akaniuliza, kwa nini nisimwambie huyo bwana tu kwamba anayesuka ni yeye. Nikasema Riyadh mambo hayaendi hivyo. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Riyadh nimefika mara mbili, mara zote harusini.

Jumatatu, 10 Novemba. Al-Sulay, Riyadh

Naandika yote.

Bwana Amir ni mtu wa miaka hamsini, kanzu nyeupe, kilemba cha rangi nyekundu na nyeupe, kahawa imewekwa tayari. Ofisi yake ina kioo kinachotazama ghala. Tulitandikiwa boksi chini. Nikakaa. Julius akasimama nyuma yangu, mikono mbele.

Nilianza saa tatu kamili.

"Julius! Hii inaingia tundu gani, wewe?" nikafoka.

"La tatu kutoka valvu, mkubwa. Si hilo. Hilo ndilo la valvu lenyewe."

"Mara ngapi nikwambie! Sasa ipite juu au chini?"

"Chini. Pole sana, mkubwa. Nimesema chini."

Tuliendelea hivyo dakika arobaini. Nilikuwa nimeingiza spoku kumi na tisa. Nilitokwa na jasho, na nadhani jasho lilisaidia. Bwana Amir alikunywa vikombe vitatu vya kahawa. Nilitambua kwamba hatazami gurudumu. Anatazama nyuso zetu, mara yangu, mara ya Julius. Sikulipa jambo hilo uzito.

Nikafoka tena, kwa hasira zangu zote, nikimwuliza Julius kama nimeshaharibu au bado.

Bwana Amir akaweka kikombe chini. Akasema, kwa Kiswahili cha Unguja, safi, kama cha bibi yangu:

"Bwana Ussi, hebu mpishe huyo bwana akae. Unamuuliza yeye, na kumfokea unamfokea yeye."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Nikainuka. Goti langu lilipiga bakuli la nati na nati zikatawanyika ofisini. Nikaanza kuziokota nikiwa nimepiga magoti. Nilizihesabu ili nisilazimike kuinua uso.

Julius akakaa. Akatoa spoku zangu zote kumi na tisa, akaanza upya. Alimaliza kwa saa moja na dakika ishirini. Wakalifunga kwenye baiskeli ya ghala, wakapakia magunia manne ya mchele, na Julius akaishusha mwenyewe kwenye ngazi ya kupakilia mizigo, mara tano. Gurudumu lilipozungushwa, lilicheza chini ya milimita moja.

Chakula kililetwa. Bwana Amir alimweka Julius upande wake wa kulia. Walizungumza ringi, unene wa spoku, na Peris. Mimi nilikula wali.

Mwishoni alinigeukia akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Swali la kwetu, haliepukiki. Nikamtajia baba, na babu. Akafurahi kweli. Bibi yake alikuwa jirani ya babu yangu Mkunazini, Unguja, kabla watu hawajahama mwaka sitini na nne. Anawajua shangazi zangu wote wa Jeddah. Atawasalimia leo hii, akasema, kwa simu.

Nilitamani angekuwa Mwarabu wa mbali.

Jumatano, 12 Novemba. Jeddah

Basi lilikuwa halijafika, shangazi zangu walishajua. Wafaa alinitumia ujumbe mmoja: kigoda chako cha dukani nimekifuta vumbi.

Ami alituita wote wawili karakana. Bwana Amir amempigia. Kazi ya magurudumu arobaini ataitoa, lakini hataki karakana. Anamtaka Julius, kwa kuhamisha kafala, yaani yeye ndiye awe mdhamini wake, akae Al-Sulay na awe fundi wa ghala. Ami yuko radhi. Ila kabla ya kutia saini anataka kujua jambo moja, na safari hii alimuuliza Julius mwenyewe, kwa Kiswahili, mbele yangu: nani amekuwa akisuka magurudumu haya?

Nilitazama sakafu. Ilikuwa safi. Hufagiliwa vizuri.

Julius alisogea hatua moja mbele.

"Nimesuka mimi, mzee. Ussi alikuwa anaongea. Lakini wateja walikuja kwa sababu ya kuongea kwake, mimi nisingeweza. Usimfukuze."

Ami alinigeukia. Kisha akaniambia jambo la kunichoma, kwa sauti ya chini: kwamba tarehe thelathini angempeleka mtu huyu uwanja wa ndege kwa neno langu moja, na angelala usingizi mzuri.

Nikasema ndiyo, ami.

Nilimfuata Julius nje. Nilikuwa nimepanga maneno. Yalitoka mawili: nisamehe, ndugu. Akasema ni sawa, akaniomba nimsaidie kubeba begi hadi kituo Ijumaa. Niliuliza kwa nini alininyamazia muda wote. Akasema ikama yake ilikuwa mkononi mwa ami yangu, si mkononi mwake, na mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kugombana na mtu. Alisema hivyo bila uchungu, kama anayesoma vipimo.

Aibu: inaendelea. Sikuandika saa ya mwisho kwa sababu haijafika.

Jumamosi, 15 Novemba

Julius ameondoka jana kwa basi la asubuhi. Nilibeba begi. Lilikuwa zito kwa sababu ya spana. Alinionyesha ikama yake kwenye simu, imeshahamishiwa Riyadh. Nimefurahi kwa ajili yake. Nasema kweli, hapa sina wa kumdanganya.

Ami amenipa mwezi mmoja wa majaribio karakana. Amesema ni kwa ombi la Julius, si kwa pendekezo lake. Nikishindwa, Balad.

Nimekesha usiku nikifikiria kosa nililofanya Riyadh. Nimelichunguza kwa makini, pande zote, bila kujionea huruma. Nimelipata. Niliuliza kwa sauti.

Kwa hiyo asubuhi nimechapisha kadi mia mbili: Mafunzo ya Kusuka Magurudumu Imara ya Baiskeli za Umeme kwa Ringi za Pikipiki. Mkufunzi: Ussi, aliyefundisha mafundi wa Riyadh. Wamejiandikisha watatu tayari, Wayemeni wawili na Msudani. Watu makini, wote wana madaftari. Darasa la kwanza ni Jumatatu saa tatu.

Pia nimenunua kisikilizio cha sikio, kidogo kama punje ya dengu. Ukivaa kilemba hakionekani kabisa. Julius atakuwa ananielekeza kutoka Al-Sulay hatua kwa hatua, na mimi nitakuwa natikisa kichwa tu kama mtu anayetafakari.

Bado sijamwambia Julius.