Keki za Kifaransa kwa Mzee Byarugaba

Jumatatu, 2 Agosti 1954. Kihanga.

Gosbert tena. Jana baada ya ibada alimsimulia Mzee Byarugaba, kwa mara ya tatu, jinsi alivyokunywa chai na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kule Bukoba. Kikombe na sahani yake! Mzee akaitikia kwa kichwa. Kyomukama, binti wa Mzee, alikuwa kando, anasikia yote.

Daftari hili nalisoma mwenyewe, lakini niandike wazi. Nampenda Kyomukama. Gosbert naye anamtaka. Gosbert ni karani wa mahakama, ana baiskeli. Mimi ni fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka, na cherehani yenyewe si yangu. Mzee hajasema atamchagua nani.

Nimepata njia. Binamu yangu Desderius ni mhudumu katika hoteli kubwa Kampala. Wana ukumbi mzima wa kunywea chai tu, na mpishi wa keki Mfaransa. Nitakwenda, nitazila keki zake, kisha nitamletea Mzee azionje. Hapo tutaona chai ya Bwana Shauri itamfikisha wapi mtu. Lori la duka linaondoka kesho. Dereva, Placidius, amekubali nikae juu ya magunia.

Alhamisi, 5 Agosti. Kampala.

Nimeingia! Nilivaa kanzu nyeupe na koti la katekista, lile aliloniachia nitie vifungo. Vifungo bado, kwa hiyo nilitembea nimelishika kwa mkono mmoja. Mlangoni nikaulizwa mimi ni nani. Nikasema ni mkuu kutoka ng'ambo ya Kagera. Desderius akainama mpaka nikaona aibu. Akanikalisha nyuma ya mti uliopandwa ndani ya chungu, nisionekane sana.

Zulia laini. Kikombe chembamba, niliogopa kukishika. Kisha ikaletwa sinia ya ghorofa tatu. Keki tisa. Moja ndefu kama kidole, tumbo limejaa krimu. Nyingine ya ngozi nyembamba juu ya ngozi nyembamba. Nilipoiuma ilipasuka, maganda yakanirukia kifuani kama pumba. Ya tatu ina uji wa manjano katikati. Huo uji! Nilifumba macho. Nilimfikiria Kyomukama, kisha nikamsahau kabisa kwa muda.

Nilikula zote tisa. Kwetu kubakiza ni kumdharau mwenyeji. Mama mmoja wa Kizungu meza ya pili alikuwa ameacha kunywa, ananitazama. Desderius alikuja kunieleza kwa sauti ndogo kuwa mtu huchagua moja, labda mbili. Krimu iko kwenye mkono wa koti la katekista.

Desderius ameiba siri ya mpishi kwa ajili yangu, nimeiandika kwenye karatasi. Amenipa na keki mbili ndani ya mkebe wa majani ya chai. Nimemwahidi suruali.

Jumapili, 8 Agosti. Kihanga.

Nimeharibu kila kitu. Niandike hivyo hivyo.

Lori liliharibika Masaka, tukalala huko. Nilifika Nyakakika kwa Mzee mchana, vumbi mpaka masikioni. Shikamoo, marahaba, karibu. Gosbert alikuwapo! Mzee alikuwa ndiyo kwanza amekunywa na kushusha kyanzi, kile chombo chao cha mti cha maziwa. Nikafungua mkebe. Keki zilikuwa zimelala chali, krimu imechacha kidogo. Mzee ni mtu wa heshima, alikula nusu. Akasema ni laini. Gosbert akageuka kutazama baiskeli yake. Nilikuwa nimeshinda. Ningeinuka wakati ule nikaaga, sasa hivi ningekuwa nalala usingizi.

Mzee akauliza imetengenezwa na nini. Nikatoa karatasi. Nikaisoma kwa sauti, nimesimama kabisa. Siagi. Chumvi. Mayai. Maziwa yaliyochemshwa pamoja na mayai hayo mpaka yakaganda.

Mama mwenye nyumba akainua kyanzi akatoka nacho nje.

Mzee Byarugaba husali kila Jumapili, lakini kwa ng'ombe ana dini ya pili. Maziwa hayapiti motoni, kiwele kitaungua. Aliyekunywa maziwa hachanganyi na vyakula ovyo siku ile. Jambo hili nalijua tangu utotoni, ingawa mimi ni mtoto wa migombani, kule kijiji cha Ndama, si wa wafugaji. Nilidhani haliyahusu maziwa ya Kizungu.

Mzee aliweka keki chini polepole. Akaenda kusimama kati ya ng'ombe wake, hakurudi mpaka nikaondoka.

Jumatatu, 9 Agosti.

Gaju, ng'ombe mwekundu, mpenzi wa Mzee, leo asubuhi hakutoa hata tone. Habari imefika Kihanga kabla ya saa nne. Gosbert ameileta mwenyewe kwa baiskeli, anasikitika kwa niaba yangu.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nimempa Placidius barua ampelekee Desderius: anitafutie kitu kingine cha Kifaransa, kisicho na mayai, kisichochemshwa. Placidius atarudi Jumamosi.

Katekista ameuliza koti lake. Nimemwambia vifungo ni adimu.

Jumatano, 11 Agosti.

Kyomukama amekuja kushonewa upindo. Upindo haukuwa umefumuka. Akaniwekea kitambaa mezani, akasema:

"Baba alikuwa ameshakuchagua wewe, fundi. Tangu ulipoingia matopeni kumtoa ndama wake. Jumapili ulitakiwa uje, ukae, unywe maziwa, unyamaze."

Nimeshona upindo mara mbili. Sikuona sindano.

Ijumaa, 13 Agosti.

Gaju ametoa maziwa! Kumbe ndama alipata tundu kwenye ua, akawa anamnyonya usiku kucha. Gosbert ndiye aliyeliona tundu, akaliziba kwa mikono yake, akidhani Mzee atafurahi. Mzee kafurahi kweli, akacheka mpaka akakaa chini. Ametuma mtu kuniambia yamekwisha, nije Jumapili. Nije mikono mitupu. Ameyarudia hayo mara mbili, mjumbe anasema.

Nimelia kidogo. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumamosi, 14 Agosti.

Mikono mitupu? Siku ya kupewa mke? Gosbert angeniona hivyo angesema nini?

Na Placidius amerudi na kifurushi. Desderius hakuniangusha. Kinaitwa jibini, chakula cha mabwana wakubwa. Mayai hamna. Moto haukukaribia. Anaandika kwamba ni maziwa tu ya ng'ombe, yameachwa kwenye giza miezi mingi mpaka yakaoza yenyewe na kuota ukungu wa buluu.

Yananuka sana. Placidius ameendesha kutoka Masaka kichwa kikiwa nje. Nimeyafunga vizuri ndani ya koti la katekista.

Mzee atafurahi.