Samha Amekufa, na Wanataka Ninunue Kabati

Jumamosi, 7 Desemba

Samha amekufa. Si kuharibika, si kuzimika. Amekufa! Amekata roho katikati ya wadi, lile bonde kavu la mto, mbele ya watu waliokuwa wanachoma nyama. Gari langu la mchangani, lililopanda kila tuta la mchanga kutoka Ibra mpaka baharini, limepiga ukelele mmoja kama ngamia anayekataa mzigo, gia zikagoma, moshi ukatoka. Wachoma nyama wakapiga makofi. Makofi!

Fundi Yaqubu kafungua boneti, kaangalia, kafunga. Kasema giaboksi imesagika, injini inakunywa oili, na spea za gari la umri huu nikazitafute makumbusho. Nikamwambia sijamwuliza maoni yake. Kasema nimemwuliza.

Na kambi ya familia ndiyo hiyo inakuja! Kila majira ya baridi ukoo mzima wa mke wangu huingia mchangani Bidia, magari kwa msururu, na gari la mbele ni langu. Zamani aliyeongoza ni baba mkwe, Mzee Harubu, mpaka macho yake yalipopungua nguvu. Siku hiyo alikuja na fimbo yake, akafungua mlango wa Samha, akaketi kiti cha mbele, akasema twende. Hakumwendea mwanawe wa kumzaa. Alinijia mimi. Tangu hapo ukoo mzima unakula vumbi letu, mimi na Mzee, na hakuna kitu duniani ninachokipenda kama hicho. Simwambii mtu. Naandika hapa tu.

Nisipokuwa na gari la mchangani, Mzee atapanda kwa Ghasibu. Ghasibu ni kaka wa Zuwena, mke wangu. Kanunua gari jipya, jeupe, refu, lenye viti vinavyopoza makalio. Mwanamume mzima, na ndevu zake, anapoza makalio!

Jumatatu, 9 Desemba

Zuwena kaniambia amefikiria. Mke wangu akisema amefikiria, ujue tayari ameshampigia mtu simu.

Anataka gari la familia. Lile la milango ya kusukuma, viti safu tatu, sakafu iko chini, tumbo limejaa. Kabati la nguo lenye magurudumu! Kasema tuna mabinti wanne. Kasema mlango wa nyuma wa Samha ulikuwa haufunguki kwa ndani, na Raya, binti yetu mkubwa, kasoma shule nzima kwa kuingia na kutoka dirishani. Nikamjibu kwamba ndiyo maana mtoto ana afya.

Akaniangalia kwa utulivu, nami siupendi utulivu wake.

"Baba Raya, anayeendesha kila siku ni mimi. Wewe unaendesha siku za kupigwa picha."

Uongo mtupu. Zipo siku nimeendesha na hakuna aliyenipiga picha hata moja.

Jioni kaja Ghasibu kunipa rambirambi za gari. Kaleta halua, kaila yeye mwenyewe. Kanishauri ninunue kigari kidogo cha mjini, petroli kiduchu, kwa umri wetu inatosha. Umri wetu! Yeye ndiye mkubwa! Halafu, akiwa anavaa viatu, kasema nisiwe na wasiwasi kuhusu baba, kwake kiti kipo, tena cha baridi.

Sikulala vizuri. Lakini hila ninayo. Nitamwomba muuzaji tulijaribu hilo kabati, nimpakie Zuwena, nilipeleke mchangani, nilizamishe mpaka kwenye tumbo. Zuwena atarudi barabarani kwa miguu, jua linamwakia. Tutaona kama atataka tena milango ya kusukuma.

Jumatano, 11 Desemba

Nimejisaliti.

Muuzaji katuambia lami tu. Nikasema lami tu, bila shaka. Nikaenda moja kwa moja kwenye kilima cha mchanga nyuma ya mashamba ya mitende, pale vijana wanapokusanyika na magari yao kunywa chai na kuringishiana. Zuwena kauliza tunaenda wapi. Nikasema njia ya mkato.

Mambo yalikuwa mazuri kabisa. Gurudumu moja limeshaanza kuzama. Basi kijana mmoja akanyanyua kikombe chake, akadhani ni gari la duka, akaniuliza kwa adabu zote kama nimewaletea mikate.

Mimi! Mhanna! Naulizwa mikate!

Mikono yangu haikuniuliza tena kitu. Nikashuka, nikapunguza upepo wa matairi yote yasizame, nikarudi nyuma mpaka penye mchanga mgumu, nikaliweka kabati sawa na mgongo wa kilima, nikakanyaga. Likapanda. Kabati likapanda kilima kwa mbavu zake nene, mchanga unaruka huku na huku, mpaka kileleni, likasimama. Vijana wakapiga miluzi. Zuwena akapiga makofi. Nami nikanyoosha mkono nje ya dirisha kuwapungia, furaha imenijaa kifuani, kabla sijakumbuka nilichokuja kufanya.

Zuwena kasema, kumbe linaweza. Nikamwambia linaweza kwa sababu dereva ni mimi. Kasema basi vizuri, maana dereva tunaye. Alasiri amelinunua. Muuzaji aliona mchanga mpaka kwenye sehemu ya kuwekea vikombe, akaendelea kuhesabu pesa.

Lipo nje sasa hivi. Rangi ya maziwa ya chai. Majirani wamekuja kumpongeza Zuwena. Mimi nimejifanya naoga.

Ijumaa, 13 Desemba

Leo nilikuwa na hila safi kuliko zote za maisha yangu. Naiandika yote ili siku moja watu wajue haki ilikuwa upande wangu.

Hapa kwetu mtu akikisifia kitu chako huwezi kunyamaza. Lazima umwambie, "Ni halali yako." Naye lazima akujibu, "Mungu akuachie mwenyewe." Hapo mambo yamekwisha, kitu kinabaki kwa mwenyewe, kila mtu anaendelea na kahawa. Tunasemezana hivyo tangu tunajifunza kuongea: saa, jambia, mbuzi, chochote. Hakuna aliyewahi kuondoka na saa ya mtu.

Nikajiuliza: je, nikikataa kusema lile jibu? Nani atanifunga? Hakuna sheria. Ipo aibu tu, na aibu mimi naiweza.

Baada ya swala tukakaa barazani kwa Mzee Harubu, ukoo mzima, tende na kahawa. Nikasubiri mpaka Ghasibu amejaza mdomo. Nikalisifia gari lake kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Weupe wake, urefu wake, viti vyake. Ghasibu, bila kufikiri, tende shavuni: ni halali yako.

Nikanywa kahawa yangu. Baraza lote likanisubiri niseme linalosemwa. Nikaweka kikombe chini, nikasema Mungu akujaze kheri, shemeji, nitalichukua mpaka kambi iishe. Nikakunjua kiganja.

Mjomba mmoja akakohoa. Ghasibu akamtazama baba yake. Baba yake akatazama zulia. Ufunguo ukatua kiganjani kwangu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili huondoka. Mimi nikataka kikombe cha pili! Ghasibu akafuta vidole taratibu, kimoja kimoja, akasema hata yeye kuna kitu changu kimoja amekuwa akikitamani.

"Kuongoza njia, Mhanna, baba akiwa kando yako. Hilo nimelitamani miaka yote."

Na ulimi wangu, huu huu ninaoulisha mwenyewe, ukasema: "Ni halali yako."

Nikamsubiri aseme Mungu akuachie mwenyewe. Nikasubiri sana. Kasema Mungu akujaze kheri.

Mwizi! Mwizi wa mchana kweupe, mbele ya baba yake! Watu wa aina gani hawa, hawajui hata desturi zao?

Mzee Harubu alinitazama kidogo, kisha akaomba apewe maji.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimemweleza Zuwena. Kacheka mpaka kakaa sakafuni. Binti zangu wakaja kuuliza mama ana nini, akawaeleza, wakakaa sakafuni nao.

Nimempigia Ghasibu. Nikamwambia ulimi uliteleza. Kasema hata wake uliteleza, nirudishe gari naye atarudisha baba. Nikakaa nikawaza. Nikirudisha gari, nitaongoza msafara na nini? Na kabati? Ukoo mzima uwe nyuma yangu, na mimi mbele nimepanda kabati? Thubutu!

Halafu nikaona mwanga. Ghasibu hana gari! Ana nafasi ya mbele, ana baba, hana kitu cha kumpakia. Atakuja kunipigia magoti. Nimekula wali sahani mbili.

Alhamisi, 19 Desemba

Hakuja kupiga magoti. Kaja kwa dada yake, na dada yake kampa ufunguo wa kabati.

Alfajiri msururu umepangwa. Mbele kabati, Ghasibu kashika usukani, nyuma yake mke wangu na mabinti zangu wote wanaimba. Nyuma kabisa mimi, peke yangu, na kuni, masufuria na mbuzi wawili wa kambi. Viti vinapoza kweli. Mbuzi mmoja kala mkanda wa kiti.

Lakini si hilo lililoniuma. Kwa Samha, Mzee nilikuwa namnyanyua kwa makwapa, mmoja anasukuma nyuma, tunacheka, anakaa. Leo kaufungua mlango wa kabati mwenyewe, kainua mguu kidogo, kaingia. Akashuka. Akaingia tena! Kama mtoto anayejaribu kiatu kipya. Nikaangalia upande mwingine.

Halafu wakapita njia gani? Si matutani. Mzee kaonyesha kwa fimbo njia ya kuzunguka, ardhi ngumu, ile baba yake aliyopita na ngamia. Sikujua hata kama anaikumbuka. Hakuwahi kunionyesha. Sawa, sikuwahi kumwuliza, lakini angeweza kusema.

Nikaamua nikate matutani, nifike kwanza, wanikute nimeshachemsha kahawa. Kupunguza upepo kungenichelewesha. Na gari lina kitufe chenye picha ya mchanga. Nikabonyeza picha ya mchanga.

Ijumaa, 20 Desemba

Kitufe ni utapeli. Gari lilizama mpaka milangoni nyuma ya tuta la mwisho kabisa. Kambi nilikuwa naisikia. Nilisikia hata nani anamgombeza nani kuhusu chumvi.

Nilinyamaza nikitumaini giza litaniwahi. Mbuzi hawakunyamaza.

Wakaja kwa miguu, wote. Ghasibu hakucheka. Alilizunguka gari lake, akapangusa vumbi kwenye kioo kwa ncha ya kilemba, akasema afadhali mtu ni mzima. Nilitamani anitukane.

Kisha kaja Mzee na fimbo yake. Gari lilikuwa limekaa chini sana, sakafu sawa na mchanga. Kafungua mlango, kaingia bila kushikwa, kaketi kando yangu. Akawatuma wote wakalete makoleo. Tukabaki wawili, tunatazama mchanga uliofunika nusu ya kioo.

"Mwanangu," kasema, "kwenye lile gari lako goti lilikuwa linaniuma mpaka nafika kambini sitaki chakula. Sikulipenda hata siku moja. Nilipanda kwa sababu yako."

Nikataka kujibu, nikapangusa macho kwa kilemba. Mchanga, bila shaka, ulikuwa mwingi hewani. Akanipiga bega, akasema nimrudishie Ghasibu gari lake, na Jumamosi yeye na mimi tutarudi na lile la mke wangu, mimi niendeshe. Nikasema inshallah. Tukakaa hivyo mpaka makoleo yalipofika. Sikumbuki kama nimewahi kukaa vizuri hivyo na mtu.

Jumapili, 22 Desemba

Jana nimemrudisha Mzee nyumbani kwa kabati, mbele ya msururu, ukoo mzima nyuma yetu. Kalala njia nzima, mkono wake begani kwangu. Maskini, gari limemchosha mpaka kapoteza fahamu.

Lakini maneno yake yameniingia. Nimeyageuza usiku na mchana, na nimemwelewa vizuri. Shida haikuwa gari. Shida ilikuwa kupanda! Goti! Angesema tangu mwanzo tusingefika huku.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mtu mmoja nje ya mji, anauza lori la zamani la jeshi. Magurudumu yananifika kifuani. Hakuna tuta duniani litakalolizuia. Na upande wa abiria lina ngazi, ngazi ya chuma kabisa, na vyuma viwili vya kushikia. Mzee atapanda mwenyewe, hatashikwa na mtu. Ghasibu atalia.

Mwenye lori ana watoto sita, anatafuta kitu cha familia, milango ya kusukuma ikiwezekana. Nilikwenda na kabati, nimerudi na lori. Zuwena yuko kwao mpaka kesho, na hawa wanawake hulalamika siku zote kwamba hatuwafanyii mambo ya ghafla ya kuwafurahisha. Nimelifunga utepe.